Waliohesabu Cheche Gizani

Mwaka 1909, katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Manchester, kaskazini mwa Uingereza, kijana wa miaka 20 ambaye hata shahada ya kwanza alikuwa hajaipata alipewa kazi ndogo ya mazoezi. Jina lake Ernest Marsden. Profesa wake, Ernest Rutherford, alimtaka aangalie kama chembe za alfa, zile zinazorushwa na radiamu, zinaweza kugonga bamba la metali na kurudi zilikotoka. Rutherford hakutegemea kwamba zingeonekana. Alitaka kijana azoee vyombo.

Kazi yenyewe ilifanyika gizani. Mpimaji aliingia kwenye chumba kilichozibwa mwanga, akakaa karibu nusu saa bila kufanya kitu hadi macho yazoee giza, kisha akaweka jicho kwenye hadubini iliyoelekezwa kwenye kioo kidogo kilichopakwa zinki salfaidi. Kila chembe ya alfa ilipogonga kioo hicho, ilitokea cheche ndogo ya mwanga na kuzimika papo hapo. Alichotakiwa ni kuzihesabu. Zikizidi 90 kwa dakika, jicho linapitwa. Zikipungua chini ya tano, mawazo yanatangatanga na mtu huanza kuona zisizokuwapo. Jicho huchoka upesi, kwa hiyo mmoja alipumzika na mwingine akashika zamu.

Rutherford mwenyewe hakuiweza. Alimwandikia rafiki yake wa Marekani kwamba alijaribu kwa dakika mbili, akalaani, akaondoka. Aliyeiweza ni msaidizi wake Mjerumani, Hans Geiger, ambaye angeweza kuhesabu kwa vipindi usiku kucha bila kupoteza utulivu wake. Geiger ndiye aliyemfundisha Marsden. Nimeanza na hawa wawili makusudi, kwa sababu habari ya kiini cha atomu husimuliwa mara nyingi kana kwamba Rutherford aliamka asubuhi moja na mchoro tayari kichwani.

Marsden aliziona chembe zikirudi. Hazikuwa nyingi: kwenye platini, takribani moja katika kila 8,000 iligeuka na kurudi upande ilikotoka. Wakajaribu risasi, dhahabu, bati, fedha, shaba, chuma na alumini. Zote zilirudisha chembe, na metali nzito zilirudisha nyingi kuliko nyepesi. Marsden alikutana na Rutherford kwenye ngazi za maabara akampa habari. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mashuhuri kuliko wanafizikia karibu wote wa zama zake, Rutherford alisema kwamba hakuna tukio lililomstaajabisha maishani kama lile.

Ili kuelewa mshangao wake, tukumbuke wakati ule watu waliamini nini. Mwaka 1897, katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, J. J. Thomson alichunguza miale inayopita ndani ya mirija ya kioo iliyotolewa hewa na kutiwa umeme. Aligundua kwamba miale ile ni mkondo wa chembe zenye chaji hasi, nyepesi zaidi ya mara elfu kuliko atomu ya haidrojeni, nayo haidrojeni ndiyo atomu nyepesi kuliko zote. Na chembe hizo zilikuwa zilezile, atumie metali hii au ile. Hizo ndizo elektroni. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba atomu haigawanyiki. Lakini atomu nzima haina chaji, kwa hiyo lazima kuna chaji chanya mahali fulani ya kusawazisha ile hasi. Thomson alipendekeza kwamba chaji chanya imeenea katika mwili wote wa atomu, sawasawa, na elektroni zimekaa ndani yake kwa mpangilio. Hesabu zake zilikuwa nzuri na jina lake lilikuwa kubwa, watu wakamfuata.

Katika atomu ya namna hiyo hakuna kitu kigumu cha kugongana nacho. Chembe ya alfa ina uzito unaozidi wa elektroni mara 7,000, na zile za Manchester zilikwenda kwa kasi ya karibu kilomita 20,000 kwa sekunde. Elektroni haiwezi kuizuia. Chaji chanya iliyotawanyika nayo ni dhaifu kila mahali, haiwezi kuisukuma kwa nguvu. Ilipaswa kupita na kupinda kidogo tu. Lakini Marsden alizihesabu zikirudi.

Rutherford alizijua chembe za alfa kuliko mtu yeyote. Alizaliwa mwaka 1871 karibu na mji wa Nelson, New Zealand, mtoto wa nne kati ya 12, baba fundi wa magurudumu na mkulima, mama mwalimu. Alifika Cambridge mwaka 1895 kwa msaada wa masomo, akawa mwanafunzi wa Thomson huyohuyo. Mwaka uliofuata Henri Becquerel wa Paris aligundua kwamba uraniamu hutoa mionzi yenyewe, bila kuchochewa na kitu. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza poloniamu na radiamu. Rutherford akaipambanua mionzi hiyo, akaiita alfa na beta, na mwaka 1908 yeye na Thomas Royds wakathibitisha kwamba chembe ya alfa ni atomu ya heliamu iliyopokonywa elektroni zake. Mwaka huohuo alipewa tuzo ya Nobel, ya kemia. Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa bado haijaanza.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Majaribio haya yote yalitegemea radiamu, na radiamu haikupatikana kirahisi. Akina Curie walichemsha mabaki ya madini kutoka mgodi wa Joachimsthal huko Bohemia, tani kwa tani, ili wapate kiasi kidogo sana. Wachimbaji wa milima ile walikuwa wakifa kwa maradhi ya mapafu tangu karne za nyuma, bila mtu kujua kwa hakika kinachowaua. Rutherford hakuwa na uwezo wa kununua radiamu. Chuo cha Sayansi cha Vienna ndicho kilichomkopesha chini ya nusu gramu mwaka 1908, na cheche za Geiger na Marsden zilitokana na mkopo huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Uingereza ilipotaka kuihesabu radiamu hiyo kuwa mali ya adui, Rutherford alikataa, akahakikisha mwaka 1921 kwamba Vienna inalipwa. Wenzake wa Vienna walikuwa katika dhiki ya mfumuko wa bei, na fedha hizo ziliwasaidia kuendelea na utafiti.

Tukirudi Manchester, kati ya cheche za 1909 na jibu la Rutherford ilipita zaidi ya mwaka na nusu. Alikuwa na umri wa karibu miaka 40 na Nobel mkononi, lakini alikwenda kukaa darasani pamoja na wanafunzi kusikiliza mihadhara ya hesabu za ubahatishaji. Alitaka kujua kama kupinda kidogokidogo mara nyingi kunaweza kujumlika na kuirudisha chembe nyuma. Hesabu zilimjibu kwamba haiwezekani. Chembe inayorudi imerudishwa na pigo moja. Na pigo moja la nguvu kiasi hicho linahitaji chaji yote ya upande mmoja, pamoja na karibu uzito wote wa atomu, viwe vimebanwa mahali padogo mno.

Mwishoni mwa 1910 aliingia chumbani kwa Geiger akiwa na furaha tele, akamwambia kwamba sasa anajua atomu ilivyo. Tarehe 7 Machi 1911 aliitangaza mbele ya Jumuiya ya Fasihi na Falsafa ya Manchester, jumuiya ileile ambayo John Dalton aliitumikia karne moja kabla alipokuwa akijenga nadharia yake ya atomu zisizogawanyika. Mwezi Mei makala yake ilichapishwa.

Ukubwa wenyewe unashangaza hata leo. Tuseme atomu ya dhahabu imetanuliwa ikawa duara lenye upana wa kilomita moja. Kiini chake kingekuwa ndimu moja iliyowekwa katikati. Ndimu hiyo ingebeba zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wa atomu nzima, na eneo lote lililobaki lingekuwa la elektroni 79 peke yake. Ndiyo sababu chembe nyingi za alfa zilipenya kwenye karatasi ya dhahabu kana kwamba haipo, na chache sana, zile zilizoelekea moja kwa moja kwenye kiini, zikasukumwa nyuma.

Ungedhani dunia ya sayansi ilitikisika. Haikutikisika. Msimu wa vuli wa mwaka huohuo wanafizikia wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels, Rutherford akiwemo, na atomu yake haikujadiliwa. Waliomwamini kwanza ni wale wenye macho yaliyozoea giza. Geiger na Marsden walirudi kwenye chumba chao na kupima upya kila kitu ambacho hesabu ya Rutherford ilitabiri: pembe, unene wa karatasi, kasi ya chembe, aina ya metali. Walihesabu cheche zaidi ya 100,000. Mwaka 1913 walichapisha matokeo, na hesabu zilikubaliana na kiini. Kwa maoni yangu kiini kilithibitika siku makala ile ilipotoka. Kabla ya hapo kilikuwa wazo zuri la mtu hodari.

Bado palikuwa na tatizo zito. Kwa sheria za umeme zilizojulikana, elektroni inayozunguka kiini lazima ipoteze nishati kwa kutoa mwanga na kuanguka ndani katika muda mfupi kuliko kufumba jicho. Atomu zote zingekwisha kuporomoka. Mdenmarki kijana, Niels Bohr, alifika Manchester mwezi Machi 1912 na kulishika tatizo hilo kwa ujasiri. Mwaka 1913 alisema kwamba elektroni hukaa kwenye ngazi maalumu za nishati na haitoi mwanga ikiwa hapo. Hutoa mwanga inaposhuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine, na rangi ya mwanga huo hutegemea tofauti ya ngazi mbili. Kwa kanuni hiyo aliweza kukokotoa mistari ya mwanga wa haidrojeni, ambayo mpangilio wake ulijulikana tangu 1885 bila maelezo. Fizikia ya baadaye ilibadilisha mengi katika picha yake, lakini ngazi zilibaki.

Kati ya vijana wa Rutherford, Henry Moseley ananigusa zaidi. Alizaliwa mwaka 1887, akajiunga na maabara ya Rutherford mwaka 1910. Alipima eksirei zinazotolewa na elementi moja baada ya nyingine, akaona masafa yake yakipanda hatua kwa hatua, kila elementi na hatua yake. Hatua hizo zilikuwa zinahesabu chaji ya kiini. Hapo ndipo namba zilizo juu ya kila mraba wa jedwali la elementi zilipopata maana. Kabla yake jedwali lilipangwa kwa uzito, na kulikuwa na kasoro: kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, ilhali kwa tabia zake inapaswa kutangulia. Moseley alionyesha kwamba kobalti ni 27 na nikeli ni 28, na uzito hauna sauti katika jambo hilo. Akaonyesha pia nafasi zilizo wazi, za elementi ambazo hakuna aliyekuwa ameziona, zikiwemo 43 na 61.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa Australia kwenye mkutano wa wanasayansi. Akarudi haraka nyumbani kujiandikisha jeshini. Tarehe 10 Agosti 1915 aliuawa Gallipoli, Uturuki, akiwa afisa wa mawasiliano, umri miaka 27.

Vita hivyo viliivunja maabara ya Manchester vipandevipande. Marsden, aliyekuwa amekwenda New Zealand kufundisha, alipigana Ufaransa. Geiger alikuwa upande wa pili, katika mizinga ya jeshi la Ujerumani. Rutherford aliitwa kutafuta njia ya kuzisikia nyambizi chini ya bahari. Katika nafasi alizoiba kutoka kwenye kazi hiyo, akisaidiwa na fundi wake William Kay, alirusha chembe za alfa kwenye naitrojeni na kuona cheche za chembe zilizokwenda mbali kuliko alfa yoyote. Zilikuwa viini vya haidrojeni, vimetoka ndani ya kiini cha naitrojeni. Makala ilitoka mwaka 1919. Mwaka uliofuata chembe hiyo ilipewa jina la protoni. Kila elementi ina idadi yake ya protoni, nayo ndiyo namba aliyoipata Moseley.

Lakini uzito haukutimia. Heliamu ina protoni mbili na uzito wa nne. Naitrojeni ina saba na uzito wa 14. Mwaka 1920 Rutherford alibashiri kwamba huenda ndani ya kiini mna chembe nyingine, yenye uzito kama wa protoni na isiyo na chaji. Aliyeibeba ndoto hiyo kwa miaka 12 ni James Chadwick.

Chadwick alikuwa mtoto wa familia maskini kutoka Cheshire. Alikwenda Manchester mwaka 1908 akitaka kusoma hisabati, akajikuta kimakosa akisailiwa na watu wa fizikia, na kwa aibu hakusema kitu. Mwaka 1913 alimfuata Geiger Berlin kwa masomo. Vita vikamkuta huko, akafungwa kwenye kambi ya Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa gereza la raia wa Uingereza, kwa miaka minne ya baridi na njaa. Humo kambini alianzisha maabara kwa vikopo na waya. Ujerumani kulikuwa kukiuzwa dawa ya meno yenye thoriamu, eti inang'arisha meno, naye akaipata kupitia walinzi na kuitumia kama chanzo cha mionzi. Sijui mfano bora wa mtu aliyekataa kuacha kupima.

Baada ya vita alikwenda na Rutherford Cambridge. Wakati huo maabara ya Vienna ilikuwa ikitangaza kwamba imevunja viini vya elementi ambazo Cambridge haikuweza kuvivunja. Desemba 1927 Chadwick alikwenda kuona. Waliohesabu cheche kule walikuwa wanawake, na kabla ya kila hesabu walijua matokeo yanayotarajiwa. Aliomba apange kazi mwenyewe bila kuwaambia lolote. Cheche za ziada zikatoweka. Wale wahesabuji hawakuwa na hila. Jicho gizani humpa mtu kile anachoambiwa kipo, na kosa ni la aliyewaambia. Tangu hapo vyombo vya umeme vikaanza kuchukua nafasi ya macho.

Januari 1932 habari ilifika kutoka Paris. Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot walikuwa wamechunguza mionzi ya ajabu inayotoka kwenye beriliamu ikipigwa na chembe za alfa. Mionzi hiyo haikuwa na chaji, na ilipofika kwenye nta ilitoa protoni kwa kasi kubwa. Wao waliona ni aina ya mwanga wenye nguvu, kama miale ya gama. Chadwick alimweleza Rutherford, naye akasema kwa sauti kwamba hasadiki. Mwanga hauna uzito wa kurusha protoni namna ile.

Chadwick alikuwa na poloniamu nzuri, iliyokusanywa kutoka kwenye mirija iliyokwisha kutumika kutibu wagonjwa wa saratani katika hospitali moja ya Baltimore. Alifanya kazi kwa takribani majuma mawili, akilala saa chache kila usiku. Alielekeza mionzi ile kwenye haidrojeni, heliamu, naitrojeni na vitu vingine, akapima jinsi kila kiini kilivyorushwa. Namba zote ziliafikiana na chembe moja tu: isiyo na chaji, yenye uzito karibu sawa na protoni. Barua yake kwa jarida la Nature ina tarehe 17 Februari 1932. Nyutroni ilikuwa imepatikana, na atomu unayoijua kutoka darasani ikakamilika: protoni na nyutroni kiinini, elektroni nje.

Chembe isiyo na chaji haisukumwi na kiini, kwa hiyo huingia popote. Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliona kwamba nyutroni huipasua uraniamu, na Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza sababu. Mpasuko huo ndio uliowezesha bomu la atomu, na uraniamu bora kuliko zote duniani ilikuwa kwenye mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mji wa leo wa Likasi. Iligunduliwa mwaka 1915, na tangu 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilikuwa kikikamua radiamu kutoka madini hayo. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe zilihamishiwa New York. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa bomu la Marekani ilitoka kwenye mgodi huo, na kiongozi wa wanasayansi wa Uingereza katika mradi huo alikuwa Chadwick. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la uraniamu lilianguka Hiroshima.

Chadwick alipata Nobel mwaka 1935. Geiger na Marsden hawakupata, ingawa angalau majina yao yamebaki kwenye jaribio lao. Waliochimba Shinkolobwe kwa mikono, katika eneo ambalo lugha yake ya kila siku ni Kiswahili, hawana hata hilo. Msomaji wa Likasi au Lubumbashi, ikiwa babu yako alifanya kazi katika mgodi ule na bado kuna mtu nyumbani anayekumbuka aliyoyasimulia, yaandike: jina lake, kijiji alikotoka, alichopakia, alicholipwa, alivyougua. Na yaandike mwaka huu.